Gia Alizozichagua Msabaha

Bagamoyo,
27 Julai 1954

Kwa Fundi Bwanausi bin Mwinyijuma,
Kariakoo, Dar es Salaam.

Assalaam alaykum. Ama baada ya salamu, sisi huku ni wazima wa mwili, tunamshukuru Mungu. Juzi tumesoma khitma ya arobaini ya mwanangu Msabaha. Watu walikuja wengi, na jina lako lilitajwa kwa heri, kwa kuwa ndiwe uliyemwosha na kumzika kabla mimi sijafika. Simu ya kifo ilinikuta dukani, nikapanda lori la kwanza, na bado nilikuta udongo umekwisha kukauka juu. Silaumu. Maiti hangoji watu.

Nakuandikia kwa mambo mawili.

La kwanza ni baiskeli. Katika sanduku lake nimekuta karatasi yenye mwandiko wake, zile herufi zinazolalia kulia kama watu wanaopanda mlima. Najua fremu iko kwako, ile nyepesi ya kijani aliyoinunua kwa Mzungu aliyehama, pamoja na rimu mbili. Mimi na mama yake, Biubwa, tumeona tuimalize na kuitoa sadaka kwa nia yake, ili kila siku inapotembea naye apate thawabu huko aliko. Wenye uwezo huchimba kisima. Sisi tutatoa baiskeli. Tutampa Mtoro, dresa wa Zinga, anayepeleka dawa kwa miguu mpaka Kerege.

Basi naomba shauri lako, tuweke gia ya namna gani? Mimi ni fundi cherehani, baiskeli siijui. Karatasi inasema: "Mbele meno 46 na 30. Nyuma 14, 16, 18." Halafu pana namba ya mwisho. Aliandika 20 akaikata, akaandika 24 akaikata, akaandika 28. Chini yake: "Kirushio cha mkono mrefu. Mnyororo mwembamba." Sijui kirushio ni nini.

La pili. Baada ya Idi ya kufungua nilimwandikia Msabaha barua kwa sanduku la posta la duka lenu. Katika vitu vyake haimo. Nataka kujua kama aliisoma kabla hajafa. Usinifiche.

Wako katika msiba,
Mwishehe bin Pazi


Dar es Salaam,
2 Agosti 1954

Mzee wangu Mwishehe,

Shikamoo. Nimepokea barua yako kwa mikono miwili. Mungu amrehemu Msabaha na awape nyinyi subira. Hapa dukani kiti chake, lile sanduku la misumari alilokalia kila jioni akitoka kazini, hakuna aliyelikalia bado.

Kuhusu gia, ziko namna tatu. Ya kwanza ni gia moja, kama baiskeli zote unazoziona barabarani: meno arobaini na nane mbele, ishirini nyuma, mnyororo mnene, basi. Hata fundi wa Zinga anaweza kuitengeneza kwa nyundo na msumari. Ya pili ni gia tatu zilizofichwa ndani ya habu, yaani kitovu cha gurudumu la nyuma, unazibadilisha kwa kijiti kwenye usukani. Mchanga hauingii, lakini ikiharibika ndani hakuna mtu huko kwenu wa kuifungua, itabidi iletwe kwangu. Ya tatu ndiyo hiyo ya kwenye karatasi. Nyuma kuna gia kadhaa zimepangwa kama sahani, na kirushio ni kichuma kinachoning'inia chini yake. Ukivuta kijiti, kirushio kinausukuma mnyororo kutoka sahani moja kwenda nyingine. Ni nzuri, lakini inataka kusafishwa kila siku.

Shauri langu, mzee, chukua gia moja. Mtoro ni mtu wa kazi. Karatasi ile usiifuate. Marehemu alipenda kufungua katalogi na kuandika namba, kama vijana wengine wanavyoandika majina ya wachezaji wa mpira.

Ile barua, nitaitazama. Posta ya mwezi ule ilichanganyika.

Msalimie sana mama.

Mimi mwanao,
Bwanausi


Bagamoyo,
14 Agosti 1954

Mwanangu Bwanausi,

Marahaba. Barua yako nimeisoma mara nne. Juu ya gia umenieleza vizuri. Juu ya barua yangu umenijibu kama sisi mafundi cherehani tunavyomjibu mtu anayeulizia koti lake: njoo kesho.

Sasa nisikilize. Siku ya tatu ya Idi hii ya kuchinja Mtoro alikuja kutusalimu, nikamwonyesha karatasi. Yeye amewahi kufanya kazi kwa Wazungu wa mkonge, baiskeli za gia amezipanda. Aliisoma akaangua kicheko. "Mzee Mwishehe, hizi gia za bibi harusi anayepelekwa kwa mume asiyemtaka! Thelathini mbele, ishirini na nane nyuma? Mguu ukizunguka mara moja, gurudumu nalo linazunguka mara moja na kidogo tu. Kobe atanipita akinisalimu." Biubwa alicheka jikoni. Tangu mwezi wa Juni sikuwa nimemsikia akicheka, nikacheka nami.

Alipoondoka nikaketi kwenye cherehani na kuitazama. Kwa miaka thelathini nimekanyaga gurudumu kubwa la chini ili lizungushe dogo la juu. Kanyago moja, sindano inaruka mara nyingi. Ningelibadilisha, dogo liwe chini na kubwa liwe juu, cherehani ingekwenda polepole mno, lakini hata mtoto mgonjwa angeweza kushona turubai. Nikaishika karatasi tena. Ishirini, akakata. Ishirini na nne, akakata. Ishirini na nane.

Bwanausi, mwanangu alikuwa akitoka Dar Jumamosi baada ya adhuhuri na kuingia hapa kabla ya isha, kwa baiskeli nzito kama kitanda. Akifika pembeni ya nyumba alipiga kengele mara mbili, akanyamaza, akapiga tena moja. Mtu kama huyo anataka nini na meno ishirini na nane? Baiskeli hii alimtengenezea nani?

Nami nitakwambia kilichokuwa ndani ya barua, ili usidhani naulizia karatasi tu. Tangu Februari Msabaha hakuja kwetu. Nilidhani mji umemlevya. Alituandikia kuwa kazi ni nyingi. Ramadhani ikapita, Idi ikapita. Ndipo nikaandika: "Umetuona si kitu. Mama yako alikuwekea sahani yako siku ya Idi mpaka chakula kikachacha. Ikiwa umeisahau njia ya kwenu, na mimi nimekusahau, na radhi yangu huna."

Hayo ni maneno ya baba kwa mwanawe. Wewe ni mtu wa Pangani, unajua uzito wake kwetu. Siku nane baadaye akafa, kwa homa, kama mlivyoniambia. Nataka kujua kama amekwenda nayo maneno hayo kaburini. Hilo tu.

Mwishehe bin Pazi


Dar es Salaam,
21 Agosti 1954

Mzee wangu,

Shikamoo. Nisamehe kwa barua yangu ya kwanza. Msabaha aliniapisha juu ya msahafu nisiseme, na nilidhani kiapo kinaendelea hata baada ya mtu kufa. Nimemuuliza mwalimu wa chuo cha Kurani hapa mtaani, akaniambia ya marehemu yamekwisha, na kwamba sasa kunyamaza kwangu kunamuumiza aliye hai.

Baiskeli alijitengenezea mwenyewe. Mara ya mwisho alipotoka kwenu, Februari, alikohoa damu kwenye kilima cha Mpiji. Alifua leso yake mtoni, akaja moja kwa moja dukani kwangu. Daktari alimwambia ni kifua kikuu. Alikunywa dawa, akawa na siku nzuri na siku mbaya. Lakini mlima na mchanga wa Mapinga hakuweza tena.

Nilimwambia mara nyingi, "Panda lori, Msabaha, uende kwa wazee."

Alijibu, "Nikishuka kwenye lori, neno la kwanza la baba litakuwa: baiskeli iko wapi? La pili sitakuwa na jibu lake. Ngoja nipate gia nyepesi. Nitakwenda polepole, nitalala Bunju, nitapumzika Mapinga. Nitapiga kengele kama kawaida, waseme Msabaha huyo."

"Na ukikohoa?"

"Nitakohoa Kerege. Huko sina jamaa."

Ndiyo ilikuwa mizaha yake. Basi akakaa juu ya lile sanduku na katalogi magotini akihesabu meno. Sikumdharau, mzee. Alihesabu vizuri kuliko mimi. Alijua kuwa meno yakiongezeka nyuma na kupungua mbele, mguu unapumua. Hata ile namna ya tatu niliyokukataza aliichagua kwa sababu: gia za ndani ya habu ni tatu tu, na ndogo yake bado ilikuwa nzito kwake. Machi nilimfungia baiskeli ya kujaribia yenye meno ishirini nyuma. Alikwenda mpaka sokoni na kurudi, akaniambia, "Inatosha." Mwisho wa Aprili alikwenda tena, akarudi akiisukuma. "Ongeza," akasema. "Weka ishirini na nne." Mei hakufika sokoni. Alizunguka duka mara moja, akashikilia ukuta muda mrefu, kisha akaniomba penseli.

Wiki hiyo hiyo tuliagiza vifaa Uingereza: kirushio, mnyororo, gia zote kama zilivyo kwenye karatasi. Sasa viko baharini. Hilo nalo nilikuficha. Nilikwambia chukua gia moja kwa sababu niliogopa ungeuliza kilekile ulichouliza.

Barua yako ilifika yeye akiwa amekwisha lazwa hospitali. Naapa, mzee, hakuisoma kwa macho yake.

Mwanao,
Bwanausi


Bagamoyo,
28 Agosti 1954

Mwanangu Bwanausi,

Alhamdulillahi. Hakuisoma. Barua yako niliisoma nimesimama, kisha nikaketi.

Nimemsomea mama yake yote. Hakulia mbele yangu. Aliingia ndani akaitoa kanzu niliyomshonea Msabaha kwa ajili ya Idi, akaikunjua juu ya kitanda na kuitazama. Niliishona kwa vipimo vya mwaka jana. Ingempwaya. Angekuja, tungelijua siku hiyo hiyo kwa mabega tu, bila yeye kukohoa.

Kuhusu gia sina swali tena. Vikifika vifunge kama alivyoandika, usipunguze jino. Mtoro nimempa habari, hakucheka. Amenikumbusha kuwa wagonjwa wa Zinga hubebwa kwa kitanda mpaka barabarani, na kwamba mtu akimpakia mgonjwa kwenye kiti cha nyuma na kuingia naye mchangani, gia moja haimfikishi mbali. "Mzee," akasema, "mwanao alijua." Kila siku atapangusa kirushio kwa kitambaa chenye mafuta ya taa. Nitamkatia vitambaa mwenyewe, sikosi mabaki.

Lakini sasa nina jingine linalonikaa. Kama hakuisoma, basi zile siku zote kitandani alikaa bila neno langu hata moja. Tangu Februari tulikuwa tukiandikiana mistari miwili mitatu, na Mei sikumwandikia kabisa, nilikuwa nimenuna. Alikuwa akiulizia barua? Niambie tu kama alikuwa akiulizia. Hata kama jibu ni zito, si zito kuliko nililoandika mimi.

Baba yako,
Mwishehe


Dar es Salaam,
5 Septemba 1954

Mzee wangu,

Shikamoo. Nimekaa na barua yako siku kadhaa. Nilitaka kukujibu "hakuulizia" tumalize. Mkono umekataa.

Alikuwa akiulizia. Kila nilipoingia wodini, kabla ya salamu: "Posta?" Namwambia bado. "Baba anakata nguo za Idi," anasema, "kazi nyingi."

Barua ilifika Alhamisi, siku nne kabla hajafa. Nilifurahi, mzee. Niliipeleka bila kuifungua, nikaiinua juu tangu mlangoni aione. Mikono yake ilikuwa haishiki karatasi tena. Akasema, "Nisomee, kaka." Nikaifungua mbele yake, nikasoma salamu kwa sauti. Kisha macho yangu yakatangulia mstari mmoja, nikanyamaza.

"Mbona umekwama?" akasema. "Mwandiko wa baba si mbaya kiasi hicho."

Nikamwambia wino umevuja kidogo. Halafu nikasoma. Sikusoma, nilitunga. Nilisema hivi, na nayakumbuka yote kwa sababu alinifanya niyarudie:

"Mwanangu Msabaha, Idi tumeila salama. Mama yako alikuwekea sahani yako. Najua una sababu ya kutokuja, na sababu yako naikubali hata kabla sijaisikia. Njia usiikimbilie. Ukichelewa mwezi, ukichelewa mwaka, mlango ni wako. Radhi yangu unayo, na ulikuwa nayo siku zote."

Akaniomba nisome tena. Niliogopa nisije nikakosea, lakini maneno yalitoka vilevile. Akatazama dari, akasema, "Baba haandiki hivyo."

Nikajua ameng'amua.

Kisha akasema, "Labda amezeeka." Akatabasamu, akafumba macho. Jumatatu alfajiri akafariki.

Kwa hiyo kweli hakuisoma kwa macho yake, na kweli sikukwambia kweli. Nilichukua ulimi wako bila idhini yako, nikamdanganya mtu anayekufa kwa jina la baba yake. Barua yako ninayo, sikuichoma. Nihukumu utakavyo.

Bwanausi


Dar es Salaam,
24 Septemba 1954

Mzee wangu,

Shikamoo. Sijapata jibu lako, na sina haki ya kulidai. Naandika kukujulisha tu kuwa vifaa vimefika na meli. Nimevifunga. Kirushio nilikirekebisha siku mbili mpaka mnyororo ukaacha kukwaruza. Mnyororo unapanda na kushuka sahani zote, nao unaikamata ishirini na nane bila kelele. Nilikwenda nayo Mpiji, nikapanda kile kilima nimeketi, sikuteremka. Katikati ya kilima nililia, lakini miguu haikuchoka.

Baiskeli iko tayari. Nangoja neno lako nimpe nani.

Bwanausi


Bagamoyo,
3 Oktoba 1954

Mwanangu Bwanausi,

Marahaba. Nimechelewa kukujibu kwa sababu nilikuwa na hasira, na hasira iliyopita ilinifundisha nisiandike nikiwa nayo.

Nilikasirika kwa kuwa neno langu la mwisho kwa mwanangu lilikuwa langu. Baya, lakini langu. Nilimwambia Biubwa, "Huyu kijana amenipokonya hata hilo." Alikuwa akichambua mchele. Hakuinua uso. Akaniuliza, "Ungekuwa wewe ndiye uliyesimama pale wodini na ile karatasi mkononi, ungemsomea ipi?"

Nilikwenda dukani nikashona suruali mbili, nikazifumua zote mbili.

Jana niliketi nikajaribu kuandika barua ambayo ningepaswa kuandika mwezi wa Juni. Niliandika, nikachana, nikaandika. Kila nilipofika mahali pazuri nikakuta wewe umekwisha kupasema. Alisema kweli, baba yake haandiki hivyo. Lakini alitaka kuamini kuwa anaweza kuandika hivyo, na hilo ulimpa wewe, si mimi. Mungu akulipe. Sina kinyongo nawe, na Biubwa anasema ukija Bagamoyo hufikii kwingine ila hapa.

Baiskeli, Mtoro atakuja kuichukua Jumanne ijayo. Mwonyeshe kila kitu, hasa namna ya kuurudisha mnyororo ukitoka. Mwambie apande polepole.

Ndani ya bahasha hii kuna karatasi nyingine. Ile barua ya kwanza ichome sasa. Ijumaa, baada ya swala, nenda kaburini kwa Msabaha, umsomee Yasini, kisha umsomee karatasi hii. Mimi nitakuja mwezi ujao na mama yake, lakini barua nataka asomewe na wewe, kwa kuwa sauti yako ndiyo aliyoizoea. Safari hii soma kama ilivyoandikwa.

Baba yako,
Mwishehe


Bagamoyo,
3 Oktoba 1954

Mwanangu Msabaha,

Idi tumeila salama. Mama yako alikuwekea sahani yako. Sababu yako sasa nimeisikia. Ungeshuka kwenye lori, ni kweli ningekuuliza baiskeli iko wapi. Halafu ningekushika mkono nikuingize ndani, na nisingeuliza tena.

Bwanausi alikusomea maneno ambayo sikuwa nimeyaandika. Leo nayaandika kwa mkono wangu, ni yangu. Njia usiikimbilie. Mlango ni wako. Radhi yangu unayo.

Neno moja tu nimeliacha. Yeye alikwambia ulikuwa nayo siku zote. Mimi siwezi kuandika hivyo, kwa sababu kuna siku nane hukuwa nayo. Ndizo siku ulizonihitaji. Nisamehe hizo siku nane.

Baba yako,
Mwishehe bin Pazi